Picha ya Binti Nungunungu

Enzi wanyama walipokuwa na sekondari yao, mkuu wa shule, Nyani, alimfukuza binti wa Nungunungu kwa kuwa miiba yake iliwachoma wenzake kwenye benchi.

"Kaa naye nyumbani, mama. Huyu hafundishiki."

Mama akamfundisha mwenyewe shimoni mwao, hesabu mpaka fizikia. Shuleni binti alirudi kufanya mtihani tu, akiwa ametengwa kwenye kona.

Matokeo yakatoka: binti kawapita wote! Kesho yake picha yake kubwa ikaning'inia getini, imeandikwa: "Matunda ya Walimu Wetu."

Mama akafika, miiba imemsimama.

"Tunajivunia mwanetu," Nyani akachekelea.

"Mwanenu? Tangu lini? Au kwa sababu picha haichomi?"

Akageuka, akaiendea picha kinyumenyume, akaichoma mpaka ikachanika, miiba yake ikabaki imenasa humo.

"Sasa inachoma. Itundike tena!"