Tawi la Watu Watatu

"Huyo mtunza stoo ni gogo, mkuu," keshia alisema kwenye simu. "Hata duka likiungua, atageuka ubavu wa pili aendelee kulala."

Msimamizi wa matawi, akiwa ofisini kwake makao makuu, akatabasamu. Akamwagiza amwite huyo gogo mwenyewe. Akasikia simu ikiwekwa juu ya kaunta, mashine ya risiti ikilia, mteja akigomba. Baada ya muda mrefu ikaja sauti nzito ya kiume, imetanguliwa na kikohozi kama kawaida yake. Mtunza stoo alisema yule mwanamke wa kaunta ana mdomo wa chiriku, angefaa kuuza maneno, maana bidhaa zimemshinda.

Halafu ikafika zamu ya mfagizi. Huyu alikuwa bibi mwenye sauti ya puani, ya kuburuta, na alimwita msimamizi "mwanangu". Alisema wale wawili hawana adabu hata chembe, wanamwaga sukari makusudi ili yeye ainame na kiuno chake kibovu.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru mwenyewe ndiye msimamizi. Kampuni ilikuwa hoi. Mwaka huo ilikuwa imefunga maduka tisa, na mkurugenzi alitaka la kumi kabla ya mwezi kwisha. Sheria yao ilikuwa fupi: duka likibaki na watu chini ya watatu, linafungwa siku hiyo hiyo. Hili lilianza na watu wanane. Wengine walichoka, wengine waliugua, na nafasi zao hazikujazwa. Sasa walikuwa watatu barabara. Mmoja tu akiacha kazi, kufuli.

Basi msimamizi akachochea. Kila siku aliokota neno kwa huyu, akalitia chumvi, akalipeleka kwa yule. Wakatukanana mpaka yeye mwenyewe akaona haya, na si mtu wa kuona haya. Keshia alipoomba aongezewe mtu, maana hajakaa kitako tangu alfajiri, alijibiwa kwamba wenzake wawili wanatosha, awatumie hao.

"Nawatumia, mkuu," keshia akasema.

Miezi mitatu ikapita, hakuna aliyeacha. Kila Jumamosi karatasi ya mahudhurio ilifika na saini tatu, moja imelala, moja imesimama, moja inatetemeka. Hawachelewi, hawaugui, hawafiwi. Jambo hilo lilimchoma msimamizi kuliko matusi yao. Watu gani hawa, wanachukiana kama paka na panya, halafu hakuna hata mmoja anayetaka kuondoka?

Akaamua kwenda mwenyewe. Aliandika barua ya kumfukuza mtunza stoo kwa kosa la kulala kazini, akaitia mfukoni, akaondoka bila kumwambia mtu. Kule hawakumjua sura, naye hakuwajua. Walijuana kwa sauti tu.

Alifika saa saba mchana na kukuta duka limefurika. Kaunta zilikuwa nne, tatu zimerundikwa maboksi matupu. Msimamizi akachukua kipande cha sabuni, akajipanga kwenye foleni kama mteja. Mbele yake watu kumi na mmoja walikuwa wanafoka. Mmoja alisema dada huyu anahesabu kama anafundishwa. Mwingine akasema wenye duka wangekuwa na akili wangekuwa wameshamtimua.

Keshia mwenyewe alikuwa mwembamba, viatu amevikanyaga visigino kwa sababu miguu imevimba. Hakumjibu mtu. Mteja akadai sukari, kwenye rafu hakuna. Keshia akatoka mbio, akapotelea mlango wa stoo, akarudi na gunia begani. Gunia likavuja njia nzima. Akatua mzigo, akanyakua ufagio, akafagia, akarudi kwenye mashine huku akihema. Foleni ikamzomea.

Msimamizi akachekelea moyoni. Mwanamke anabeba magunia na gogo la kiume limelala! Bibi naye, na ufagio wake, haonekani. Ushahidi umejileta wenyewe. Lakini alitaka kwanza amsikie huyo mvivu akidanganya, kisha amvamie stoo na barua mkononi. Akatoa simu yake, akapiga namba ya duka.

Simu ya kaunta ikalia. Keshia akaipokea kwa mkono mmoja, mwingine unapokea noti. Msimamizi akainamisha uso, akaziba mdomo kwa kiganja, akamtaka mtunza stoo mara moja.

"Subiri nimwite, mkuu."

Akaiweka simu chini. Msimamizi akakaza macho kwenye mlango wa stoo, asimkose atakapotoka. Mlango ulibaki kama ulivyo. Kule kaunta wateja wawili wakahudumiwa, wakaondoka wakisonya. Mara, sikioni mwake, kile kikohozi.

"Naam, mkuu."

Kumbe ana simu nyingine huko ndani, msimamizi akawaza, ndiyo maana hainuki. Hasira zikampanda. Alikuwa amepanga kumuuliza kuhusu sukari, lakini lililomtoka ni lile lililomnyima usingizi miezi mitatu.

"Hebu niambie," akanong'ona. "Mnachukiana namna hii. Mbona huachi kazi?"

Msimamizi akachoka kutazama mlango usiofunguka, akageuza macho kaunta. Keshia alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, anafunga mfuko wa sukari kwa mikono miwili. Mteja aliyesimama mbele yake hakuonyesha kushangaa. Midomo mikavu ya keshia ikafunguka, na ile sauti nzito ya kiume ikatoka humo.

"Nikiacha mimi, mkuu, huyu dada wa kaunta atabaki na nani?"