Gari la Marehemu

"Zima! Zima kabla halijatapika vyuma!"

Priyadi akazima. Hata baada ya ufunguo kugeuzwa, injini iligonga mara nyingine, kama mtu anayepiga mlango kwa hasira, kisha ikanyamaza. Moshi wa buluu ukabaki umening'inia uani kwa fundi Rokim.

"Imenoki," Rokim alisema. "Na si kunoki kwa uzee."

"Sema hivyo tena, Cak, huyu asikie," Priyadi alimwambia, akimwita fundi kama kaka mkubwa, na kumwonyesha kwa kidevu mwanamume aliyekuwa anashuka kwenye pikipiki getini.

Huyo alikuwa Sutikno, kaka yake wa tumbo moja. Hawakusalimiana. Tangu walipogombea kipande cha shamba la mpunga, walikuwa wakiishi kama watu wa nchi mbili. Sikukuu ya Lebaran, yaani Idi, mmoja alikwenda kwa mama asubuhi, mwingine jioni. Kitu pekee walichoshirikiana ni gari hili kuukuu, ambalo marehemu baba yao alilinunua likiwa limeshachoka mikononi mwa wengine. Walilitumia kwa zamu ya wiki. Aliyemaliza zamu aliliacha uani kwa mama Jumapili jioni, akatundika ufunguo kwenye msumari wa jikoni. Mwenzake alikuja kulichukua Jumatatu alfajiri. Hivyo hawakuonana.

Leo ilikuwa Jumatatu. Gari lilimharibikia Priyadi njiani, likiwa limejaa kabichi za sokoni. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alimpigia kaka yake simu, na maneno yalikuwa machache: "Njoo uone ulichofanya."

"Nimekuja," Sutikno alisema. "Nionyeshe."

"Tikno, usijifanye hujui."

Rokim aliinua uso. Mdogo kumwita mkubwa wake kwa jina tupu, bila hata "Mas", yaani kaka, mbele yake, ni tusi linalotosha kumwaga damu. Akaona heri aendelee na kazi. Alifungua plagi, akapima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine. Mshale wa kipimo ulipanda kivivu, ukashindwa, ukaanguka. Akaingia uvunguni, akamwaga oili kwenye karai, akaifungua na sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Alipotoka, alikuwa amechovya vidole kwenye masazo ya oili. Akavipeleka juani. Vyembe vya chuma vilimetameta, na katikati yake punje nyeusi, ngumu, kama pilipili manga iliyosagwa vibaya.

"Beringi zimelika. Kuta za silinda zimechubuliwa," alisema. "Hivi vinavyong'aa ni injini yenyewe. Hivi vyeusi ni mchanga."

"Vumbi la barabarani," Sutikno alisema.

"Kichujio cha hewa ni kisafi. Haukuingia na upepo." Rokim akagonga kifuniko cha oili kwa spana. "Umepitia hapa. Na mchanga hauna miguu."

Priyadi akacheka bila furaha. "Mchanga mweusi wa volkano ya Semeru! Na nani hapa anashinda mtoni akipakia mchanga huo kwenye malori? Mimi nauza kabichi!"

"Wilaya nzima ya Lumajang imejengwa kwa mchanga huo, mpumbavu wewe! Kila nyumba ina rundo!"

"Lakini si kila nyumba ina roho kama yako. Shamba ulilipata, halikukutosha. Sasa unaniulia biashara."

"Jana nimeliacha kwa Mak zima, linanguruma kama chui! Mchanga umeutia mwenyewe unisingizie, ili nikuachie hili gari!"

"Rudia!"

"Mwizi!"

Priyadi akanyakua mpini wa jeki. Sutikno akaokota spana kubwa. Rokim akajitupa katikati, mikono imejaa oili, akiwapaka wote wawili vifuani.

"Mkitaka kuuana, nendeni mkauane barabarani! Uani kwangu kuna magari ya watu!"

Hapo ndipo becak, baiskeli ya kubeba abiria, iliposimama getini. Mak Kasiyem, mama yao, akateremka polepole, rantang ya chakula, vyombo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mkononi, na mkeka kwapani. Hakumwangalia mtu usoni. Alitandaza mkeka kwenye kivuli cha ukuta, akaketi, akaanza kupanga vyombo: wali, mboga za pecel, tempe ya soya ya kukaanga. Sahani mbili.

Ndugu wale walisimama kama walivyokuwa, silaha mikononi.

"Mak, nani amekwambia tuko hapa?" Sutikno aliuliza.

"Hakuna."

"Basi umejuaje?"

"Cak Rokim ndiye fundi wa gari hili tangu enzi za baba yenu. Likifa, mtalipeleka wapi?"

"Mak, mwanao ametia mchanga kwenye injini!" Priyadi alifoka. "Gari la baba! Amelizika kwa mkono wake!"

"Muongo huyu, Mak! Naapa kwa kaburi la baba, sikuligusa!"

"Najua hukuligusa." Akapakua wali kwenye sahani ya kwanza, kisha ya pili, akimimina sosi ya karanga taratibu asichafue ukingo. "Wala mdogo wako hakuligusa. Wekeni hivyo vyuma chini, mkae, mle."

Hakuna aliyeketi. Mpini wa jeki ulianza kushuka wenyewe.

"Mara ya mwisho kuwaona mmesimama pamoja ni siku baba yenu alipokufa," mama yao alisema. "Nikaona, safari hii bora life gari."