Kitanda Kinachoomba

Siku hizi muuguzi haruhusiwi kumwombea mgonjwa. Kitanda ndicho kinachoomba, kwa sauti ya muuguzi yeyote aliyekubali kurekodiwa. Mimi nilikubali. Sauti yangu inaombea wodi nzima huku mimi natundika dripu.

Mama alipoletewa kitanda hicho nyumbani, alichagua sauti yangu, nami nikafurahi. Sasa kila nikirudi kutoka kazini namkuta amefumba macho, ananisikiliza nikimwombea kwa upole, bila haraka. Inanikera. Sauti ile haichoki kamwe. Niliirekodi asubuhi moja nikiwa nimelala vizuri na kushiba.

Jana homa ilimpanda. Nilikizima kitanda, nikapiga magoti, nikamshika mkono kama alivyonishika nilipougua surua utotoni.

"Ee Mungu wetu..." Nikakwama. Nilisikia pumzi yake inavyokwaruza, nikaogopa, na maneno hayakuja.

Mama alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango.

"Umechoka, mwanangu. Nenda kapumzike." Akauchomoa mkono wake taratibu, akapapasa kitufe. "Mwache Nakijwa aniombee."

Nakijwa ni mimi.