Mlinzi wa Bi Mwanamkuu

Siku hizo kila mwenye kisukari alipewa mlinzi, naye ni mgonjwa mwenzake wa mbali. Sukari ya mmoja ikishuka, mwingine aliihisi mkononi kama sisimizi wanamtembea. Mlinzi wa Bi Mwanamkuu wa Tanga alikuwa Rwegasira, fundi viatu wa Bukoba, ambaye hakuwahi kuonana naye ana kwa ana.

Asubuhi moja Bi Mwanamkuu alijichoma insulini, kisha akashikwa na kazi ya kukuna nazi, chai ikapoa bila kunywewa. Shekue, mumewe, alikuwa ameketi mbele yake akimsimulia habari za mpira. Simu ikalia.

"Dada, acha unachofanya," Rwegasira alisema. "Kunywa kitu chenye sukari, sasa hivi."

"Mbona mimi mzima tu..." alijibu, na maneno yakamwia mazito mdomoni. Kumbe jasho lilikwisha kumlowesha kanga. Shekue alikurupuka, akakoroga sukari kwenye maji na kumnywesha.

Rwegasira hakukata simu mpaka aliposikia sauti ya mwenzake imenyooka. "Haya, sasa ule na mkate."

"Mungu akuweke, kaka. Umenirudisha."

"Juzi ulinirudisha wewe."

Bi Mwanamkuu alishukuru tena na tena, machozi yakimtoka. Shekue alimfuta jasho taratibu.

"Nilikuwa nakutazama usoni muda wote," alisema. "Zamani ningejua mimi kwanza."