Hodi ya Tatu

"Hodi," aliita Mbaruku, mtu wa duka la kukodisha.

Bi Hidaya aliimeza "karibu" iliyokwishafika mdomoni. Cherehani ya duka ilibakiza malipo ya miezi miwili iwe yake, lakini tangu msiba wa mumewe hakuwa amelipa. Sheria mpya, ile ambayo marehemu aliizungukia mitaa akikusanya saini, ilikataza watu wa duka kuingia nyumbani kuchukua vitu bila kukaribishwa.

"Hodi tena. Shemeji, siku hizi huitikii wageni? Marehemu alikuwa na adabu."

Miguu ya Bi Hidaya ilizidi kukanyaga pedali, ingawa uzi ulishakatika. Mwishowe aliinuka, akampitishia maji dirishani bila kutamka "karibu".

Mbaruku alikunywa yote. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka. Mbaruku alivua viatu kizingitini, akavuta pumzi aite ya tatu.