Njia ya Mkwajuni

Mwanakheri alimfuta mkwewe kamasi nyeusi ya ugoro kwa pindo la kanga, akamshika mkono, wakatoka. Ilikuwa siku ya kumi na tisa.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza Mzee Kibwana, kama alivyouliza jana na juzi.

"Kutembea, baba."

"Wewe ni nani?"

"Mke wa Yassin."

"Yassin ameoa?"

Kamasi na mashuka yaliyolowa mkojo Mwanakheri alishayazoea. Kilichomtia kinyaa ni kazi aliyopewa.

Kazi yenyewe ilizaliwa kliniki, Kilosa mjini. Muuguzi, dada Imelda, alimweleza Yassin kwamba kichwani mwa mtu kuna kisehemu kidogo kinachoandika mambo mapya na kuchora ramani ya njia anazopita. Cha mzee kimechakaa, ndiyo maana akitoka msalani hajui chumba chake kiko wapi. Mambo ya zamani yamehifadhiwa kwingine, hayo bado anayo. "Lakini mkimpitisha njia moja kila siku," akaongeza, "hata kichwa kikikataa, miguu itaishika."

Katika maneno yote hayo, Yassin aliondoka na hilo la mwisho tu.

Kule kwao Mvumi alikuwa na kesi na jirani, Fabiola, mjane wa Budeba. Familia ile ya Wasukuma ilihamia miaka kumi na tano iliyopita, mzee akaiuzia ekari tatu kwa neno la mdomo. Mashahidi wamekufa. Mikonge iliyopandwa mpakani Yassin aliifyeka msimu wa kuchoma mashamba, akalima juu yake. Sasa alidai mpaka ni mkwaju ulio ng'ambo ya mfereji, kwenye udongo mweusi unaonata, mlangoni kabisa kwa mjane. Baraza la kata lilichoka kusikiliza ubishi, likaamua hivi: mzee asiulizwe swali. Aachiwe shambani atembee, na atakapoishia ndipo mpaka ulipo. Siku ikapangwa, siku arobaini mbele.

"Kila asubuhi mpeleke mkwajuni," Yassin alimwamuru mkewe. "Akifika, mtilie ugoro kiganjani. Atajua pa kwenda hata kama hajui jina lake."

"Baba yako huyo, baba Sikuzani. Afundishwe kama mbwa?"

"Damu nzito kuliko maji. Wale ni wakuja tu." Akaziba pua, maana damu yake nzito ilikuwa inapita karibu, ikinuka mkojo.

Bwana yule alikuwa na pua nyepesi sana! Tangu mzee aanze kupotelewa na kumbukumbu, hakuwahi kumwosha hata kidole. Shamba la baba alilitaka, baba mwenyewe alimwachia mkewe.

Siku ya kwanza mzee aligoma njiani. Mwanakheri alimvuta, mzee akavutia kwake, na nguvu alikuwa nazo bado. Mwanakheri akageuka kutazama nyuma. Yassin alishaondoka na pikipiki yake kufukuzia abiria wa Mikumi. Mwanakheri akalegeza mkono, safari ikaendelea.

Tangu hapo kila asubuhi walitoka na kabla ya adhuhuri wakarudi. Jioni Yassin aliuliza akiwa mlangoni, pua ameiziba.

"Mlifika?"

"Tulifika."

"Ugoro ulimpa?"

"Nilimpa."

Akaingia kula. Mwanakheri alibaki uani akimsugua mzee vumbi jekundu miguuni, huku akimsikia mumewe ndani akitafuna na kubeua.

Siku moja Fabiola alimkuta kisimani.

"Mama Sikuzani, watu wanasema mzee anafundishwa njia. Wanangu wanne wanakula kutoka shamba lile. Wewe nawe ni mama."

Mwanakheri alijitwika ndoo, akaondoka. Mvumi neno hufika nyumbani kabla ya aliyelisema.

Siku ya arobaini kata nzima ilikusanyika. Yassin alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akajipaka marashi, akasimama karibu na mkwaju kama bwana harusi. Mwenyekiti wa baraza, Mzee Deogratias, alimsogeza Mzee Kibwana mwanzo wa shamba, akamwachia mkono.

Mzee alitembea. Hakusita, hakutazama pembeni. Alifika katikati ya shamba lililolimwa, mahali pasipo na mti wala jiwe, akasimama. Akatema mate. Kisha akayapa mgongo mahindi ya Fabiola, kama mkulima aliyemaliza tuta lake, akaanza kurudi.

"Bado, baba!" Yassin alipiga kelele. "Huku! Mkwajuni! Ugoro uko huku!"

Watu wakatazamana. Mama mmoja akasonya, mwingine akageuza uso kwa kinyaa. Mzee Deogratias aliomba jembe, akachimba pale mzee aliposimama. Pigo la tatu likaibua kisiki cha mkonge. Hatua mbili pembeni kikaibuka kingine, kwenye mstari ule ule. Fabiola alikaa chini kwenye mavumbi, akajifunika uso kwa kitenge akalia.

Yassin alivuka mfereji mbio, kanzu imechafuka tope hadi magotini, akamwinamia mkewe sikioni.

"Siku arobaini!" alifoka kwa mnong'ono. "Siku arobaini unampeleka, hata njia moja hakuishika?"

Mwanakheri alimtazama kuanzia marashi hadi tope.

"Sijampeleka hata siku moja, baba Sikuzani. Ananipeleka yeye."