Mteja Aliyekwama

Duka la mikate la Saumu lilikuwa limejifunga tangu juzi. Maandishi kwenye kioo cha mlango yalisema: "Mteja asiyeona amekwama kwenye tovuti yako. Duka litafunguka akishanunua." Ndiyo sheria ya maduka yote, na jina la mteja halitajwi. Saumu aliipamba tovuti mwenyewe, picha tu za mikate inayong'aa, bila neno hata moja. Mtu anashindwaje kununua hapo? Ndani, mikate ilikuwa imeanza kuota ukungu.

Alirudi nyumbani. Mama yake, aliyepofuka mwaka juzi, alikuwa amekaa kitandani, simu sikioni, ikimsomea kwa sauti tovuti ya duka: "Picha. Picha. Picha."

"Mama! Kumbe ni wewe?"

"Nilitaka nikuungishe, mwanangu. Nikija dukani unakataa hela yangu."

"Sasa si ungeniambia nikusaidie?"

"Nikuambie vipi, na nilitaka usijue?"

Saumu alinyoosha mkono aichukue simu, kisha akaurudisha. Sheria ilitaka mteja anunue mwenyewe.

"Hebu niambie," mama akauliza taratibu, "kuuza mikate uliacha lini? Humu nasikia unauza picha tu."